Stroberi zilizorefuka bila kuzaa: uchambuzi wa kisa cha jiberelini, zinki na boroni Lushoto

Shamba la kisa hiki ni robo ekari ya stroberi katika bonde moja la Lushoto, mkoani Tanga, mita zipatazo 1,400 juu ya usawa wa bahari. Ni shamba la mfano. Nimelijenga kwa hali zinazojirudia katika milima ya Usambara na nyanda nyingine za juu, ili hoja ifuatwe hatua kwa hatua kutoka dalili hadi uamuzi pasipo kumtaja mtu. Swali ambalo mama mwenye shamba alimpelekea bwana shamba lilikuwa fupi: amepulizia homoni na virutubisho kama alivyoelekezwa, mimea imekua kuliko alivyotarajia, mbona matunda yamepungua?

Aina aliyopanda ni Chandler, iliyotolewa na Chuo Kikuu cha California mwaka 1983. Miche imepandwa kwenye matuta yaliyofunikwa plastiki nyeusi, maji yanapita kwenye mipira ya matone, na juu yake kuna banda la plastiki lililozungushiwa wavu ili kuzuia ndege na mvua za masika. Kabla ya kupanda, matuta yalijazwa samadi ya kuku na majivu, tena majivu mengi, kwa kuwa msimu uliotangulia mama huyu aliona yanapunguza wadudu wa ardhini, akaona akizidisha atapata faida zaidi. Mbolea ya kukuzia ilikuwa CAN, mbolea ya naitrojeni iliyochanganywa na chokaa. Majivu na wavu hakuvitaja hata kidogo alipoeleza tatizo lake. Vilionekana shamba lilipotembelewa, na ndivyo vilivyobeba sehemu kubwa ya jibu.

Maelekezo aliyofuata yalimfikia kwa simu, yakipita kutoka kundi moja la wakulima hadi jingine: asidi ya jibereliki, yaani GA3, homoni ya ukuaji ya jamii ya jiberelini, kwa kipimo cha sehemu 75 kwa milioni, salfati ya zinki asilimia 0.4; na asidi ya boriki asilimia 0.2. Maelekezo hayo hayakubuniwa tu. Vipimo vya namna hii vimefanyiwa majaribio mengi nchini India, mara nyingi kwa aina hiyohiyo ya Chandler, na taarifa zake nyingi husema kwamba mimea iliyopuliziwa ilikuwa mirefu zaidi, ikatoa maua mengi zaidi na kuzaa zaidi ya ile iliyopuliziwa maji matupu. Mkulima anayesoma matokeo kama hayo na kuona jina la aina aliyoipanda hana sababu ya kushuku.

Dukani ndiko maelekezo yalikogeuka. GA3 ilikuwepo, unga ulioandikwa asilimia 20 kwenye kifurushi. Salfati ya zinki na asidi ya boriki hazikuwepo, akapewa busta moja ya maji yenye "virutubisho vyote vidogo". Akapulizia GA3 mara tatu, kila baada ya wiki mbili, akianza miche ilipokuwa na majani machache, na busta akaichanganya humohumo.

"Mama, ule unga uliupima kwa nini?" aliuliza bwana shamba.

"Kizibo cha soda, baba. Kizibo kimoja kwa solo moja, ndivyo walivyoniambia dukani."

Hesabu yake ni hii. Sehemu 75 kwa milioni ni miligramu 75 za GA3 halisi katika lita moja, kwa hiyo solo, yaani bomba la kupulizia la mgongoni, ya lita 20 inahitaji gramu 1.5. Unga wa asilimia 20 una gramu moja ya GA3 katika kila gramu tano, basi kipimo sahihi ni gramu 7.5 za unga. Kizibo cha soda hakina gramu zinazojulikana: unga ulioshindiliwa na unga uliomiminwa hutofautiana sana, na kizibo kilichojazwa kwa mlima ni kitu kingine kabisa. Hatujui, wala hatuwezi tena kujua, mimea ile ilipata kiasi gani. Kwa dawa ambayo hufanya kazi katika viwango vya miligramu, hilo peke yake lingetosha kuyatilia shaka matokeo yoyote, mazuri au mabaya.

Kwa upande wa busta tatizo ni la kinyume. Lebo ilionyesha boroni asilimia 0.05 na kipimo cha mililita 50 kwa solo. Ukipiga hesabu, kila lita ya maji ilipata miligramu moja na kitu ya boroni. Asidi ya boriki ina boroni asilimia 17.5, hivyo kipimo cha asilimia 0.2 kilichotajwa katika maelekezo huipa kila lita miligramu 350, ambazo ni zaidi ya mara 200 ya hizo. Kwa maneno mengine, mama huyu alidhani amepulizia homoni pamoja na virutubisho, ilhali kwa vitendo alipulizia homoni peke yake.

Hali ya shamba

Vikonyo vya majani vilikuwa virefu na vyembamba, vikiinamia pembeni mwa tuta, na majani yenyewe yalikuwa ya kijani kilichopauka. Kila shina lilikuwa limetoa matawi ya kutambaa, mengine yakiwa yamevuka plastiki na kutafuta udongo kwenye njia. Vishada vya maua vilikuwa vichache. Majani machanga ya katikati yalikuwa ya njano huku mishipa yake ikibaki ya kijani, na baadhi yalikuwa yamekunjamana nchani kana kwamba yaliungua kabla ya kufunguka. Matunda yaliyokuwepo yalikuwa na kasoro ileile: upande mmoja umejaa na kuiva, upande mwingine umesinyaa, mgumu, na vijimbegu vyake vimebanana kama punje za ulezi. Wanunuzi wa hoteli huyakataa matunda ya namna hiyo hata yakiwa matamu. Huishia kwenye jamu au juisi, kwa bei ya kubembelezana.

Dalili hizi hazina chanzo kimoja. Urefu na matawi ya kutambaa ni alama za jiberelini. Unjano wa majani machanga ni alama ya upungufu wa chuma. Matunda yaliyopinda yanaweza kusababishwa na uchavushaji mbovu, na upungufu wa boroni, na baridi kali wakati wa maua, au na wadudu wanaonyonya ua. Kosa linalofanyika mara nyingi katika kisa kama hiki ni kutafuta chupa moja ya kutibu yote.

Maelekezo yaliyobeba majira ya kwingine

Jiberelini iligunduliwa kutokana na ugonjwa wa mpunga. Mwaka 1926 Eiichi Kurosawa, akifanya kazi Taiwan iliyokuwa chini ya Japani, alionyesha kwamba kitu kinachotolewa na kuvu kiliweza kuirefusha mimea ya mpunga hata kuvu yenyewe isipokuwepo. Kurefusha ndiyo kazi yake inayojulikana zaidi hadi leo. Katika stroberi inafanya jambo la ziada: inaamua hatima ya vichipukizi vilivyokaa kwapani mwa majani. Kichipukizi kinaweza kuwa tawi la kutambaa, au kikawa shina dogo jingine litakalobeba kishada cha maua. Jiberelini ikiwa nyingi, mizani huelemea kwenye kutambaa. Ndiyo maana katika baadhi ya nchi wakulima hutumia dawa ya kinyume, yaani inayozuia mmea kutengeneza jiberelini yake, kusudi matawi hayo yapungue.

Kama ni hivyo, kwa nini majaribio ya India yalileta mavuno? Jibu liko katika majira. Katika tambarare za kaskazini mwa India stroberi hupandwa karibu mwezi wa Oktoba na kuvunwa kuanzia katikati ya majira ya baridi hadi joto kali linapoingia mwezi wa Machi au Aprili. Huko Desemba urefu wa mchana hushuka hadi saa 10 na nusu hivi, usiku ni wa baridi, na mmea mchanga husinyaa na kukaa chini kama uliolala. Mkulima ana miezi michache tu ya kujenga majani yatakayolisha matunda kabla jua halijaunguza kila kitu. Jiberelini katika hali hiyo huuamsha mmea, hurefusha vikonyo ili majani yapate mwanga, na huharakisha maua ambayo tayari yameshaumbika ndani ya shina. Muda nao una uzito wake: ikitangulia kabla maua hayajaumbika, huyachelewesha, ikija baada ya hapo, huyasukuma yatoke.

Lushoto iko takribani nyuzi 5 kusini mwa ikweta. Urefu wa mchana kati ya Juni na Desemba hutofautiana kwa muda wa nusu saa hivi. Chandler ni aina ya siku fupi, maana yake huumba maua mchana ukiwa chini ya takribani saa 14, na kwa mwanga wa Lushoto hali hiyo ipo mwaka mzima. Usiku wa milimani unaposhuka chini ya nyuzi 15 za sentigredi, kishawishi cha kuchanua huongezeka. Kwa hiyo mmea huu haukuwa umelala hata uhitaji kuamshwa, na haukuwa na majira ya kuukimbiza. Ulikuwa umo katika kuumba maua mfululizo, na GA3 iliyopigwa mara tatu tangu utoto wake ilikuwa ikiuambia utambae. Majaribio ya India hayakukosea. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza kwa nini mimea ya kule ilifaidika.

Homoni ambayo tunda hujitengenezea

Mwaka 1950 J. P. Nitsch alichapisha kazi ambayo kila anayeuza au kununua homoni za stroberi angepaswa kuifahamu. Aliondoa vijimbegu vilivyo juu ya tunda changa, na tunda likaacha kukua. Akiacha vijimbegu upande mmoja, sehemu ile tu iliendelea kuvimba, na tunda likapinda. Alipopaka dawa ya jamii ya oksini, homoni nyingine ya ukuaji, mahali pa vijimbegu alivyoviondoa, tunda likakua tena. Nyama tunayokula katika stroberi ni kitako cha ua kilichovimba, na kila kijimbegu kilichotungishwa hutuma oksini kwenye eneo dogo linalokizunguka. Ua moja lina mamia ya sehemu za kike zinazogeuka kuwa vijimbegu hivyo, na kila moja inahitaji chavua yake.

Tunda lililopinda la shamba hili lilikuwa likionyesha jambo hilohilo bila maabara. Ukilitazama kwa lenzi ya mkononi, upande ulioiva una vijimbegu vilivyojaa. Upande uliosinyaa una vijimbegu bapa, vitupu, ambavyo havikutungishwa. Swali sasa ni kwa nini havikutungishwa, na majibu yaliyo mezani ni mawili.

La kwanza ni nyuki. Wavu uliozungushiwa banda ulikuwa mwembamba kiasi cha kumzuia nyuki, na pembe za banda hazikuwa zikifunguliwa. Ua la stroberi hujichavusha kwa sehemu, hasa upepo ukilitikisa, lakini ndani ya banda lililofungwa upepo ni haba. La pili ni boroni. Chavua ikishatua juu ya ua, lazima iote mrija wa kushuka hadi kwenye yai, na mrija huo hauoti vizuri boroni ikipungua. Nyuki wanaweza kufanya kazi yao yote na bado tunda likapinda.

Na zinki inaingia hapohapo. Mmea huihitaji katika njia ya kutengeneza oksini yake wenyewe. Mmea usio na zinki ya kutosha huwa na majani madogo yaliyosongamana, kwa sababu kirutubisho kikipungua homoni nayo hupungua. Kwa jicho hili, kumpa zinki mmea ulioikosa na kumfungulia nyuki mlango wa banda ni kuurudishia mmea udhibiti wake wa ukuaji. Ndiyo sababu naona si sahihi kuziorodhesha homoni na virutubisho vidogo pamoja kama bidhaa mbili za rafu moja. Kirutubisho huziba pengo lililopo, na pasipo pengo hakina kazi. Homoni ya nje hutoa amri, na mmea huitii hata kama si yenye faida.

Vipimo

Kipimo cha pH, yaani cha tindikali ya udongo (namba ikiwa ndogo, tindikali ni nyingi), kilichukuliwa kwenye matuta na kwenye kona ya shamba isiyowahi kupata majivu. Konani udongo ulikuwa na tindikali kiasi, chini ya 6, kama zilivyo ardhi nyingi za milimani zenye mvua. Matutani pH ilikuwa imepita 7. Stroberi hupendelea kati ya 5.5 na 6.5. Juu ya hapo chuma, zinki na manganizi hujifunga kwenye udongo visipatikane kwa mizizi, na boroni nayo hupungua pale ardhi iliyokuwa na tindikali inapopewa chokaa au majivu kupita kiasi. Kwa hiyo pengo la chuma, zinki na boroni lilikuwa na chanzo kimoja, nacho ni majivu. CAN haikusaidia, kwa kuwa ina chokaa ndani yake na haishushi pH.

Sampuli za udongo wa Tanga zinaweza kupelekwa kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI) cha Mlingano, wilayani Muheza, na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, nacho kina maabara ya udongo. Kwa majani ni vema kuuliza kwanza kama maabara inapima boroni, maana si kila moja hufanya hivyo. Majani yanayochumwa ni yale machanga yaliyokwisha kufunguka kabisa, bila vikonyo, kutoka mimea mingi iliyotawanyika. Hapa kulikuwa na mtego. Jani lililopuliziwa busta hubaki na masalio juu yake, na maabara itayahesabu kama zinki ya mmea, kwa hiyo sampuli ilichukuliwa kwenye tuta la mwisho ambalo dawa haikufika, tena baada ya kuoshwa kwa maji safi. Viwango vinavyotumika sana kwa stroberi ni boroni miligramu 30 hadi 70 kwa kilo ya majani makavu, zinki 20 hadi 50, na chuma kuanzia takribani 60. Boroni ilikuwa chini ya 25, ambako upungufu huhesabiwa kuwa wa hakika. Zinki ilikuwa chini kidogo ya mpaka. Chuma kilionekana kinatosha.

Hicho cha mwisho kisimdanganye mtu. Maabara hupima chuma chote kilichomo ndani ya jani, kikiwemo kile kilichokwama kisichofanya kazi, na jani la njano huweza kutoka na namba nzuri. Jaribio la uhakika zaidi ni la bei ya kikombe cha chai: nusu ya jani la njano hupakwa mmumunyo wa salfati ya chuma, gramu 5 kwa lita, na nusu nyingine huachwa. Baada ya siku chache nusu iliyopakwa ilikuwa imeanza kuwa na vidoa vya kijani, mwishowe ikakolea, na mstari wa katikati ya jani ulitenganisha rangi mbili waziwazi.

Uchavushaji ulijaribiwa kwa njia rahisi vilevile. Maua yaliyofunguka asubuhi yalifungwa uzi mwekundu na kupitishiwa brashi laini kuzunguka kitovu chote; mengine ya umri uleule yalifungwa uzi mweupe na kuachwa. Stroberi huchukua takribani mwezi mmoja kutoka ua hadi kuiva, hivyo jibu halikuja haraka. Matunda ya uzi mwekundu yalikuwa na umbo bora kuliko ya uzi mweupe, lakini hayakuwa yote kamili. Tafsiri yake ni kwamba nyuki walikosekana kweli, na kwamba kuna kingine kilichosalia, ambacho kwa kipimo cha majani ni boroni.

Hatua zilizochukuliwa

GA3 ilisimamishwa kwenye matuta ya kuzalisha. Matawi ya kutambaa yalikatwa, isipokuwa yale ambayo nitayaeleza mwishoni. Mmea hauhitaji dawa ya kuiondoa jiberelini. Athari yake huisha kadiri majani mapya yanavyotoka, na kukata matawi huurudishia shina chakula lililokuwa likikitumia kutambaa.

Pembe za banda zilifunguliwa kila asubuhi, na wavu ukabadilishwa kwa wenye matundu ya kumpitisha nyuki na kumzuia ndege. Mizinga miwili ya nyuki wadogo wasiouma iliwekwa karibu, jambo linalofaa mahali ambapo wavunaji wako kazini mchana kutwa. Viuatilifu vya wadudu havipuliziwi maua yakiwa wazi. Ikilazimu, ni jioni nyuki wakiwa wamerudi mzingani.

Udongo ndio uliohitaji subira. Salfa ya unga, ileile ambayo wakulima wa korosho wa kusini wanaijua kwa kupambana na ubwiriunga, hushusha pH ikichanganywa ardhini, lakini hutegemea vijidudu vya udongo kuigeuza kuwa tindikali, na kazi hiyo huchukua wiki hata miezi. Iliwekwa kwenye matuta yanayosubiri kupandwa upya. Kwenye mimea iliyo hai CAN ilibadilishwa kwa SA (salfati ya amonia), ambayo ina naitrojeni asilimia 21 na salfa asilimia 24 na huacha tindikali kidogo kila inapotumika. Iliyeyushwa kwa dozi ndogo katika maji ya matone, kwa sababu stroberi ni miongoni mwa mimea isiyovumilia chumvi: mavuno huanza kushuka chumvi ya udongo inapovuka desisimensi 1 kwa mita, na kila kipimo kimoja kinachoongezeka huondoa takribani theluthi. Samadi ya kuku na majivu vilikuwa vimeshaongeza chumvi ya kutosha. Kuongeza mbolea kwa pupa kungeua kilichobaki.

Kwa chuma ilitafutwa kileti ya kuweka ardhini, yaani chuma kilichoshikwa na kiambato kinachokizuia kisijifunge kwenye udongo, na herufi zilizo kwenye lebo zina maana kubwa. Fe-EDTA, ambayo ndiyo hupatikana kwa urahisi, huachia chuma chake pH inapovuka 6.5 hivi, hivyo katika matuta haya ingekuwa hasara. Fe-EDDHA hubaki imara hata katika udongo wenye magadi, ila bei yake ni ya juu, na ilitosha kuitumia kwenye mashina yaliyo hai tu hadi udongo urekebike.

Boroni ilipuliziwa kwa nusu ya kipimo cha maelekezo ya India: asidi ya boriki gramu 1 kwa lita, yaani gramu 20 kwa solo, mara moja kabla ya maua kufunguka na mara ya pili wiki tatu baadaye. Tahadhari hii ina sababu. Boroni ina pengo jembamba kati ya kupungua na kudhuru kuliko virutubisho vingine, na anayeiweka ardhini na kwenye majani katika msimu mmoja bila kupima anaweza kuvuka kabla hajajua. Dalili za kuzidi huanzia pembezoni mwa majani ya zamani, ambako hukauka. Za kupungua huanzia kwenye majani machanga. Zinki ilipuliziwa siku tofauti, salfati ya zinki gramu 80 kwa solo pamoja na chokaa iliyozimwa gramu 40 ili isiunguze majani. Salfati hiyo huuzwa kwa sura mbili, na mfuko usomwe kabla ya kupima: ya chembe za fuwele ina zinki asilimia 22 hivi, na ile kavu zaidi ina asilimia 35, hivyo gramu 50 za hiyo ya pili ni sawa na gramu 80 za ya kwanza. Safari hii mzani mdogo wa jikoni ulinunuliwa. Naona ndiyo pembejeo iliyokuwa na faida kubwa kuliko zote.

Kupulizia hakukufanyika shambani kote. Matuta yaligawanywa vipande, na kwa kupiga kura kila kipande kikapewa maji matupu, boroni, zinki, au boroni na zinki, kila kimoja kikirudiwa mara nne mahali tofauti. Mavuno hupimwa kwa uzito, yale ya kuuzwa hotelini mbali na yale ya jamu. Bila kipande cha maji matupu, mama huyu angeona nafuu iliyoletwa na nyuki na kuipa sifa boroni, na msimu ujao angenunua boroni mara mbili zaidi. Mpango huu una udhaifu mmoja ambao hauepukiki katika robo ekari: banda lilifunguliwa kwa vipande vyote kwa pamoja, kwa hiyo mchango wa nyuki unaweza kupimwa tu kwa nyuzi nyekundu na nyeupe, wala si kwa kulinganisha vipande.

Jambo la sheria linastahili mistari michache. Katika tafsiri inayotumiwa na FAO na WHO, vidhibiti vya ukuaji wa mimea huhesabiwa pamoja na viuatilifu. Tanzania, viuatilifu viko chini ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu (TPHPA), na mbolea ziko chini ya Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea (TFRA). Busta isiyo na namba ya usajili wala orodha ya viambato vyake haifai kuingizwa kwenye zao linaloliwa bichi bila kumenywa.

Pale GA3 inapofaa

Matawi machache ya kutambaa yaliachwa, kutoka mashina yenye afya nzuri, na vichwa vyake vikaoteshwa kwenye viriba vilivyopangwa njiani. Sababu ni kwamba miche ni gharama kubwa kwa mkulima wa stroberi nchini, na mchana mfupi wa ikweta, uleule unaoifanya Chandler ichanue mwaka mzima, huifanya iwe bahili wa matawi ya kutambaa, ambayo kwa kawaida hutoka kwa wingi kwenye mchana mrefu na joto. Katika kitalu, basi, amri ya jiberelini ndiyo inayotakiwa.

Mama huyu ametenga tuta moja la mashina mama, mbali na matuta ya kuzalisha ili dawa isipeperuke. Maua yake hubanwa yakiwa bado vichomozo, na hakuna tunda la tuta hilo linalouzwa. GA3 hupuliziwa kwa sehemu 50 kwa milioni: kwa unga wake wa asilimia 20 ni gramu 5 kwa solo, zilizopimwa kwa mzani, zikayeyushwa kwanza katika spiriti kidogo kwa kuwa huyeyuka polepole majini, na zikatumika siku hiyohiyo kwa maji yasiyo na magadi. Shina lenye doa lolote la ugonjwa hung'olewa kabla ya kupuliziwa, kwa sababu kila mche utakaotoka kwake utabeba doa hilo hadi shamba jipya.